Kelele ya Land Rover la mzee nimeipata

Kaka wa Lindi, mambo vipi, shemeji na watoto hawajambo? Huku Mtwara wazima, joto tu ndo linatumaliza. Nakuandikia kuhusu ile nyiku nyiku nyiku kama kitanda cha kamba, uliyoisikia siku ile tunashuka Newala na magunia ya korosho ukaapa kabisa kwamba ni injini. Haikuwa injini bwana.

Na sio wewe peke ako, fundi wa kwanza alisema vavu, wa pili akasema inataka ovahoo, yani kufumua injini yote, akanitajia hela nikaona giza. Kilichonitia shaka ni kwamba ikiwa imesimama unapiga resi mpaka moshi unajaa uwani, kimya, ila ikianza tu kutembea inalia. Sasa jumamosi nikaizima kabisa, nikatoa gia, nikaita vijana wa hapa mtaani waisukume. Injini imelala, na nyiku nyiku ile ile! Vijana wanacheka mimi nimefurahi kama nimelipwa korosho.

Nikahisi basi itakuwa beringi ya tairi. Nikapiga alama ya chaki kwenye tairi, nikawaambia sukumeni polepole, mi natembea pembeni nimeinama nahesabu kama kichaa, tairi likizunguka mara moja kelele inapiga mara nne, saa nyingine tano. Beringi ya tairi ingeenda na tairi lenyewe. Inayozunguka hivyo ni propela, lile fimbo la chuma linalotoa nguvu gia boksi kupeleka kwenye difu, zile gia za katikati ya ekseli, maana difu ya hizi Land Rover Series III ni 4.7, yani tairi mara moja propela mara nne na ushee.

Nikaanza na propela ya mbele. Ya nyuma usiiguse hovyo, hendibreki ya hizi gari haikamati tairi, inakamata pale propela ya nyuma inapotokea gia boksi, ukiitoa bila kuweka mawe utaifata gari baharini. Sasa kasheshe ikawa nati, ni 9/16 ya inchi, spana ya milimita 14 haiingii, 15 inacheza inakula kona, nimetukana weee mpaka nikaenda kuazima kwa yule jirani mwenye mashine ya kusaga.

Nilivyoishika tu mkononi nikajua. Krosi, kile kiungo cha kukunjika cha propela, ya upande wa difu imekauka, pembeni ya vikombe kuna vumbi jekundu kama pilipili ya kusaga, ukiikunja inagoma, ukilazimisha inalia. Nikafungua kikombe kimoja, zile sindano za ndani, vichuma vyembamba vya beringi, zingine zimelika zimebaki nusu, grisi hata harufu hamna.

Na kosa ni langu, hili baki nalo. Tangu mzee afariki nilikuwa napiga grisi propela ya nyuma tu, nikijua ya mbele imelala mpaka uingize fowili, yani matairi yote manne yavute. Kumbe gari letu halina zile loki za kwenye hab za mbele, za kuachanisha matairi na ekseli, kwa hiyo hata usipoingiza fowili matairi ya mbele yanaizungusha propela muda wote, safari zote zile za Masasi kwenda na kurudi, kavu! Mzee alikuwa analala chini ya gari na bomba lake la grisi kila baada ya msimu, sisi tunamcheka eti anabembeleza chuma cha mwaka 1976.

Nimefunga krosi mpya, grisi mpaka imetoka pembeni. Jana nimeenda nayo Mikindani na kurudi, kimya, kimya mpaka nikagundua mlango wa nyuma nao unagonga, siku zote ulikuwa umefunikwa na ile nyiku nyiku.

Sasa kaka, seti ya spana ya mzee ilikuwa na 9/16 mbili, nimepekua boksi lote hakuna hata moja. Mara ya mwisho nilikuona nazo ukifungua pampu ya maji pale kwako. Mpe dereva wa basi la asubuhi, nitaenda kuzipokea stendi.