Msome huyu jasusi, halafu uniambie

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na natumai nanyi hamjambo.

Ulinambia kwenye simu kwamba riwaya za ujasusi ni bastola na magari kufukuzana, basi. Tafadhali isome Agent Running in the Field ya John le Carré. Ilitoka Oktoba 2019, mzee akitimiza miaka 88 mwezi huohuo, na Waingereza hawaelewani kabisa. Kura ya maoni ya 2016 ilikuwa asilimia 52 kwa 48, na mpaka wakati huo walikuwa bado wanavutana juu ya kujitoa Umoja wa Ulaya.

Msimulizi ni Nat, ofisa mkongwe wa ujasusi aliyerudishwa London. Hucheza badmintoni, ule mpira wa vinyoya, na kijana aitwaye Ed kwenye klabu moja ya Battersea. Mchezo ukiisha wanaagiza bia, na Ed anawaka: Brexit, yaani huko kujitoa Ulaya, Trump, Ulaya inavyobomolewa. Nat anasikiliza tu. Kisha siku moja yuko kazini na wenzake, macho kwenye skrini, wanamsubiri mtu anayekuja kuonana na jasusi wa Urusi. Anayetokea ni Ed!

Pale nilikiweka kitabu chini nikavuta pumzi. Ed hakutaka hela, wala Moscow haipendi. Ameona waraka wa siri kwamba serikali yake na Marekani zinapanga kuuhujumu Umoja wa Ulaya, akaamini anawatonya Wajerumani. Sasa msaliti ni nani hapo?

Kinachoniudhi ni kwamba waliotaka kujitoa hawana msemaji wa maana humo ndani, na wao ndio walioshinda kura. Hotuba za Ed nazo zinarefuka. Lakini hasira ile ni ya kweli. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuwa jasusi wa Uingereza, na mwanawe alieleza kwamba kabla ya kufariki Desemba 2020 alikuwa amechukua uraia wa Ireland. Hebu fikiria uchungu wa mtu kufikia hapo uzeeni!

Ukimpenda, nitakutafutia The Mission Song, ya 2006. Mhusika mkuu ni mkalimani mzaliwa wa Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.

Mwisho wa Ed sikwambii. Ukifika pale kwenye skrini nipigie, hata kama ni usiku, nataka kujua wewe ungemfanyaje.

Wasalimie wote nyumbani.

Akupendaye,
Swahiba wako