Mama Kulwa, nimerudi bila medali

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili usiku

Mama Kulwa, shoga yangu,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi letu. Sisi wazima, ila upepo wa mwaka huu umebeba mpaka bati la choo cha jirani.

Nimerudi juzi na treni ya umeme kutoka Dar, jicho la kulia limevimba kama andazi. Dereva wa bajaji aliponiona akashusha sauti: "Dada, pole. Lakini huyo mwanaume muache, atakuja kukuua." Nikamwambia kanipiga mwanamke, tena mbele ya majaji watano. Akanyamaza mpaka nyumbani, na kwenye nauli akanipunguzia mia tano. Sijui alielewa nini.

Ndiyo hivyo, nimetolewa robo fainali. Kwa pointi: majaji watatu wakampa yeye, wawili wakanipa mimi. Mama hajaelewa bado kwa nini nalia kwa kushindwa pambano moja, wewe utaelewa. Kwenye ngumi za ridhaa hakuna kugombea mshindi wa tatu. Wote wawili wanaopigwa nusu fainali wanapewa shaba. Kwa hiyo mlango wa medali ni robo, na mimi nimeachwa kizingitini. Upande wa pili wa droo kulikuwa na binti mmoja, maana uzito wetu ulikuwa na watu wachache, kaingia nusu fainali bila kurusha konde hata moja. Akapigwa, akavishwa shaba. Sina kinyongo naye. Kidogo ninacho.

Nikusimulie ya mizani. Tiketi zilichelewa (aliyechelewesha simwandiki hapa), tukafika usiku wa manane na asubuhi tunapimwa. Kilo 54 na gramu 300, na mwisho wetu ni 54! Nikavaa masweta mawili, nikaruka kamba kwenye korido ya hoteli, watu wanapita na masanduku yao wananishangaa. Halafu nikakaa chini na chupa tupu natema mate, natema, mpaka ulimi ukawa kama kipande cha gunia. Nikavua hereni, nikavua hata uzi wa nywele. Mizani ikasema 54 kamili. Hapo bado kuna ile fomu yetu wanawake ya kutamka kwamba huna mimba. Niliisaini nikicheka peke yangu, maana kwa njaa ile tumboni hata upepo haukuwemo.

Sasa pambano lenyewe. Unakumbuka Agosti 2012, tulivyobanana kwenye kile kibanda cha video kumwangalia Nicola Adams, yule bondia wa Uingereza? Ndiyo Olimpiki ya kwanza wanawake kuruhusiwa ulingoni, madaraja yetu ya uzito yalikuwa matatu tu, na Mkenya Elizabeth Andiego naye alikuwepo kwenye kilo 75. Adams alimpiga Ren Cancan wa China 16 kwa 7, na wewe ukamwagia watu soda. Wakati ule wanawake walikuwa wanapigana raundi nne za dakika mbili mbili. Sasa ni tatu za dakika tatu tatu, kama wanaume. Ukipiga hesabu ni dakika moja tu iliyoongezeka, lakini mwili haupigi hesabu hivyo. Ile dakika ya tatu ndani ya raundi ndiyo inayoua. Nakimbia kilima cha Mlimwa kila alfajiri, pumzi ninayo. Raundi ya kwanza nilichukua, ya pili akachukua yeye. Ya tatu, zimebaki kama sekunde arobaini, mguu wangu wa kushoto ukalala. Nikasimama mbele yake kifua wazi kama mtu anayesubiri daladala. Hapo ndipo alipolipata jicho.

Kona ilikuwa inapiga kelele, "Mikono juu! Mikono juu!" Mikono ilikuwa juu, Mama Kulwa. Kocha wa timu ni mtu mwema, lakini ana mabondia sita na mimi kanijua kwa wiki tatu za kambi. Wewe ungesema neno moja tu: "Mguu!" Miaka yote ulikuwa unanipigia hilo, mpaka nikawa nakuchukia. Safari hii nilisikiliza kabisa kama kuna mtu atalisema.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Njoo Dodoma. Sisemi urudi kupigana, ingawa Mary Kom wa India alijifungua mapacha kama wewe, akarudi, akabeba ubingwa wa dunia 2008, na London 2012 akachukua shaba. Nakutaka kwenye kona. Kozi ya ukocha tutaitafutia hela, nina kiasi cha posho sijakigusa. Mwaka 2028 kule Los Angeles wanawake watakuwa na madaraja saba ya uzito, sawasawa na wanaume, haijawahi kutokea. Sikuahidi kwamba nitafika. Kikomo cha umri ni miaka 40 na mimi bado sana, ila magoti hayajui kusoma sheria.

Kulwa na Doto watalala kwa mama, kasema mwenyewe, tena ameshaanza kuwawekea ubuyu. Shule ya msingi ipo hapo nyuma ya mashine ya kusaga, ile ile ninayojipimia uzito kwenye mizani ya magunia. Mwenye mashine anakuulizia, anasema unadaiwa debe la mahindi tangu ulipohamia Mwanza.

Jicho likifunguka naanza tena Jumatatu ya wiki ijayo, saa kumi na moja alfajiri. Ukija, usisahau zile bandeji zangu nyekundu ulizoondoka nazo.

Wako,
Mguu