Rasimu za andiko: tulipunguze swali

Habari za jioni wapendwa. Rasimu zote nimezisoma, na bidii yenu imenifurahisha sana. Shida ni moja: swali bado ni pana mno. "Athari za lugha kwenye akili" utaipimaje?

Turudi kwa mwanasaikolojia Stroop, 1935. Aliwapa wanafunzi 100 orodha za rangi 100 wazitaje. Viraba vya rangi tupu: wastani wa sekunde 63. Maneno ya rangi yaliyochapwa kwa wino usiolingana nayo, wataje rangi ya wino bila kusoma neno: sekunde 110. Hapo kuna kitu cha kupima. Sisi tuulize: neno KIJANI kwa wino mwekundu linamchelewesha mtaja rangi ya wino zaidi kuliko likiandikwa kwa Kiingereza?

Jibu litamkwe kwa lugha moja pande zote mbili, tafadhali, maana "nyekundu" ni refu mdomoni na litatuharibia muda. Nusu ya washiriki waanze na Kiswahili, nusu na Kiingereza. Na tuwaulize mapema kama wanatofautisha rangi vizuri. Hilo hakuna aliyeliandika.

Fomu ya ridhaa naiandaa mimi. Nadharia tete, yaani matokeo mnayoyatarajia, sentensi moja tu, nitumieni kabla ya Ijumaa saa mbili usiku.