Mafundi wapimwe ujuzi wakiwa kazini

Mhariri,

Watu hudhani fundi wa mjengo anaishi Kibera au Kawangware kwa sababu kodi ya huko ni ya chini. Ni kweli, lakini kuna geti pia. Kwenye maghorofa yanayochipuka Kilimani na Kileleshwa, foremani huchagua vibarua getini alfajiri. Anayetoka Kayole akikwama kwenye foleni ya Jogoo Road, au mvua ikinyesha na nauli ikapanda, siku imeenda bure. Ndiyo maana fundi anapanga chumba mahali atakapofika kwa miguu.

Mimi ni karani wa stoo katika mjengo mmoja Kilimani. Tuna fundi wa vigae anayekata kigae kuzunguka bomba la choo hata wembe haupiti. Akilaza pima maji juu ya sakafu yake, kiputo kinatulia katikati. Hana cheti, kwa hivyo nimeagizwa nimwandike kibarua, wa kulipwa kwa siku. Kijana aliyetoka chuo cha ufundi, ambaye fundi huyu humwelekeza kila siku, ana mkataba na mshahara wa mwezi. Amepanga mtaa wa mbali, Umoja: deposti anaimudu, na akichelewa nusu saa kazi yake bado ipo.

Simwonei kijana kijicho, alisoma. Lakini Nairobi imegawanywa hivi tangu enzi za reli, vibarua wakijazwa Muthurwa na maafisa wa Kizungu wakikaa kule juu kwenye kilima. Leo kinachogawa ni karatasi.

Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya 3 hadi ya 1, ipo. Mwaka 2024 Serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Hata hivyo, kibarua akienda kutahiniwa anapoteza ujira wa siku hiyo, na ada bado inamsubiri.

Tunaolipwa mishahara tunakatwa asilimia 1.5 kugharamia nyumba za bei nafuu, nazo zinajengwa na mafundi hawa hawa. Serikali ianzie hapo. Mkataba wa kila mwanakandarasi wa nyumba hizo useme wazi kwamba watahini watakuja mjengoni, mafundi wapimwe kwa kazi ya mikono yao, ada itoke kwenye mradi, na vyeti viwe mikononi mwao kabla jengo halijakabidhiwa.

Karani wa mjengo,
Nairobi