Maikroarei: panga sampuli kwanza, picha baadaye

Mhariri,

Ripoti nyingi za maikroarei, yaani vipimo vya utendaji wa maelfu ya jeni kwa mara moja kwenye slaidi ya kioo, hupambwa kwa picha za vijiraba vyekundu na vya kijani, na msomaji huamini kwamba programu iliyozichora imethibitisha matokeo. Haijathibitisha kitu. Imechora namba ilizopewa tu, na kosa lililo zito kuliko yote huwa limeshafanyika kabla sampuli hazijawekwa kwenye slaidi.

Chukua sampuli 16, wagonjwa 8 na wazima 8, na slaidi mbili zenye nafasi 8 kila moja. Mtu wa maabara, kwa kupenda unadhifu, hujaza slaidi ya kwanza wagonjwa watupu na ya pili wazima watupu. Hapo athari ya ugonjwa na athari ya slaidi hazitenganiki tena. Ukiingiza slaidi katika modeli ya takwimu, limma, kifurushi cha R (lugha ya kompyuta ya takwimu) kilichomo katika hazina ya Bioconductor, hukuonya kwamba kuna kigezo kisichokadirika. Usipoiingiza, hunyamaza na kukupa orodha ndefu ya jeni "zilizobadilika". ComBat, programu ya kuondoa tofauti za slaidi wanayoikimbilia wengi, haiokoi: ikifuta athari ya slaidi inafuta na ya ugonjwa.

Kuzuia hilo ni kazi ya dakika chache. Weka wagonjwa 4 na wazima 4 katika kila slaidi, changanya nafasi zao kwa amri ya sample katika R, hifadhi jedwali. Kwa slaidi za rangi mbili, nusu ya sampuli za kila kundi zitiwe rangi ya Cy3 (kijani) na nusu Cy5 (nyekundu), kwa kuwa baadhi ya probu (vipande vya DNA vilivyobandikwa kwenye slaidi) hupokea rangi moja vizuri kuliko nyingine; tena Cy5 huharibiwa na ozoni ya hewani.

Baada ya skana, chora kwanza grafu ya MA: M ni logi ya uwiano wa rangi mbili kwa msingi wa 2, A ni wastani wa logi zao. Wingu la nukta likipinda kama ndizi, linyooshe kwa loess, mbinu ya takwimu inayofuata mkunjo wa nukta. Halafu chora PCA, grafu inayoweka karibu sampuli zinazofanana, nukta zipakwe rangi kwa slaidi na tarehe, si kwa ugonjwa peke yake. Wengi huruka hatua hii, labda kwa kuogopa watakachokiona.

Ukipima jeni 20,000 kwa kiwango cha 0.05, takriban 1,000 zitajitokeza kwa bahati tu hata kama hakuna kilichobadilika. Tumia marekebisho ya Benjamini-Hochberg, yanayodhibiti sehemu ya jeni za bahati katika orodha. Na orodha isifunguliwe ovyo katika Excel: jina SEPT2 liligeuzwa tarehe mara nyingi mno, hata mwaka 2020 jeni hiyo ikatangazwa kuitwa SEPTIN2.

Picha zenyewe zichorwe kwa bluu na njano. Wasiotofautisha nyekundu na kijani nao ni wasomaji.

Mchambuzi wa data za jeni