Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Sura Mpya ya Jukwaa Letu na Maoni Yenu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na habari za ada na vitambulisho zimo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nitazungumzia jambo moja lililowagusa wafasiri wa chama hiki mwaka huu kuliko jingine lolote, nalo ni sura mpya ya jukwaa letu la mtandaoni na maoni mliyoyaleta. Mengi yalikuwa makali, na kwa sehemu kubwa mlikuwa na haki.

Kosa la kwanza ni la kamati. Tulibadilisha mambo matano kwa siku moja: rangi, ukubwa wa herufi, mpangilio wa mada, utafutaji na maneno ya vitufe. Mwanachama akiandika "rudisheni la zamani", nani atajua ni lipi kati ya hayo lililomkera? Wiki za mwanzo maoni yalijaa na fundi hakuwa na la kushika. Ndipo fomu ya maoni ikabadilishwa, ikawa inauliza ulitaka kufanya nini, ukabonyeza nini, kikatokea nini, na unatumia simu gani. Tangu hapo "halifai kabisa" likageuka kuwa "nikifungua ujumbe kisha nikirudi nyuma, naanzishwa upya juu kabisa". Hilo la pili linatengenezeka.

Na ndilo lililokuwa kero kuu. Mbunifu aliondoa namba za kurasa akaweka orodha isiyo na mwisho: ukishuka, jumbe nyingine zinajipakia zenyewe. Mpangilio huo unafaa kwa mtu anayepitisha muda akitazama picha. Anayetafuta mjadala wa istilahi za mahakama wa mwaka juzi anaumia nao. Hawezi kumwambia mwenzake "tazama ukurasa wa 4", akirudi nyuma anapoteza alipoishia, na bando linaliwa na jumbe ambazo hakuziomba. Kurasa zimerudi, kila moja ina jumbe 20, na kila ujumbe una kiungo chake. Picha nazo hazipakuliwi mpaka msomaji azifikie.

Kuhusu rangi, wengi walisema maandishi "yamepauka". Walikuwa sahihi kwa kipimo. Majina na tarehe viliandikwa kwa kijivu chenye namba ya rangi #999999 juu ya nyeupe, uwiano wa utofauti wa 2.85:1, wakati WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote, inataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. Ofisini penye kivuli utasoma, lakini juani kituo cha daladala huoni kitu. Sasa tunatumia #595959, ambayo inafika 7:1. Waliotaka kijani cha zamani kirudi hatukuwakubalia, kwa sababu hakikuzuia wala kusaidia kazi yoyote. Wenye iPhone waliolalamika kwamba ukurasa "unajivuta" wakianza kuandika, sababu ni kisanduku chenye herufi za piseli 14. Safari, kivinjari cha iPhone, hukuza ukurasa kisanduku kikiwa na herufi za chini ya piseli 16. Kimewekwa 16, na tatizo limekwisha.

Kwenye lugha, jukwaa la wafasiri halikutakiwa kuaibika, lakini liliaibika. Vitufe vilipimwa kwa upana wa maneno mafupi ya Kiingereza, kwa hiyo "Ondoa kwenye orodha yangu" kilikatika kikabaki "Ondoa", na watu wakaogopa kwamba wakikigusa watafuta mada nzima. Sasa kitufe kinatanuka kulingana na neno, na maneno yenyewe ni "Acha kufuatilia". "Wasilisha" limekuwa "Tuma". Kisha kuna upatanisho wa kisarufi. Programu ilichomeka namba kwenye maneno yaliyokwisha andikwa, tukapata "wanachama 1 wamejibu" na "siku 1 zilizopita". Fundi alidhani neno "siku" halihitaji sentensi mbili kwa kuwa halibadiliki kwa wingi. Haligeuki, ni kweli, ila kinachoandamana nalo kinageuka: siku 1 iliyopita, siku 3 zilizopita. Kanuni za Unicode CLDR, hazina ya kanuni za lugha ambayo programu nyingi huitumia, zinakipa Kiswahili makundi mawili, la umoja na la idadi nyinginezo, na kila kundi linatakiwa liandikiwe sentensi nzima. Tumeziandika upya zote.

Saa ilileta mkanganyiko wa aina yake. Ujumbe uliotumwa 14:15 ulionyeshwa "saa 2:15", na msomaji wa Kiswahili akaelewa asubuhi. Tumeondoa neno "saa" kwenye muhuri wa muda na kuweka mtindo wa saa 24, kwa majira ya mahali alipo msomaji, maana wenzetu wa Muscat wako saa moja mbele yetu na wa Bujumbura saa moja nyuma. Baadhi yenu mlitaka "saa 8:15 mchana". Binafsi ningeipenda, lakini kamati imegawanyika. Kwa sasa anayetangaza kikao aandike zote mbili, 14:15 na saa 8:15 mchana.

Utafutaji ndio uliochukua muda mrefu kuliko yote. Hifadhidata yetu ni programu ya MySQL yenye majedwali ya aina ya MyISAM, ambayo mipangilio yake isipogeuzwa, utafutaji huruka kila neno la chini ya herufi 4. Ndiyo maana "ada" haikuleta jibu hata moja. Kinyota cha kupanua neno nacho hufanya kazi mwishoni tu: "tafsiri*" inaleta tafsiri na tafsiriwa, lakini mtafsiri, kutafsiri na wametafsiri inaviacha, kwa sababu Kiswahili hujenga neno kwa mbele. Fundi alijaribu kwa maneno ya Kiingereza, akaona kila kitu ki sawa. Tumehamia kwenye kielezo, yaani orodha ambayo utafutaji huisoma, kinachokata maneno vipande vya herufi tatu tatu, ili shina lipatikane popote lilipo. Gharama yake ni kielezo kikubwa zaidi na majibu mengine yasiyohusika. Afadhali hivyo.

Nimalizie na sura ya zamani, ambayo bado ipo kwa anayeichagua kwenye mipangilio yake. Wikipedia ya Kiingereza ilipohamia sura mpya iitwayo Vector 2022, tarehe 18 Januari 2023, watu walilalamikia nafasi nyeupe za pembeni. Sura mpya ilibaki, ila msomaji alipewa kitufe cha kutanua ukurasa, na mwenye akaunti anaweza kurudia sura ya awali. Reddit nao, jukwaa la mijadala, walipobadilisha sura mwaka 2018, waliiacha ya zamani kwenye anwani yake. Digg, tovuti ambayo watumiaji walizipigia kura habari, walifanya kinyume Agosti 2010: waliwahamisha watu wote, wakaondoa hata kitufe cha kuzamisha habari isiyopendwa, na watumiaji wengi wakahamia Reddit. Kwa hiyo hatukuwa na haraka ya kufunga mlango. Ila sura mbili zina gharama, maana kila kasoro inarekebishwa mara mbili na kila rekebisho linajaribiwa mara mbili.

Kamati inapendekeza sura ya zamani ifungwe tarehe 30 Juni mwakani, na mkutano huu utapiga kura. Ambaye bado anaitumia kwa sababu kuna kazi isiyowezekana kwenye mpya, ajaze fomu kabla ya 31 Machi. Kila tutakalobadilisha baada ya hapo litabadilishwa peke yake, na litakaa wiki mbili kabla ya kuguswa jingine. Jumbe za zamani zilizobaki bado zinaingizwa kwenye kielezo kipya. Hadi kazi hiyo iishe, anayetafuta mada za miaka ya mwanzo apitie orodha ya kurasa.

Mwenyekiti