Watoto wasimuliwe pia huzuni ya Uhehe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo kuhusu simulizi tunazowarithisha watoto hapa Iringa. Mtoto wa Kihehe hukua akisikia jinsi jeshi la Mtwa (mtawala) Mkwawa lilivyowashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na fahari hiyo humwingia kabla hajajua kusoma, hata husema "tuliwashinda" kana kwamba naye alikuwapo. Sina ugomvi na fahari hiyo. Ila miaka iliyofuata, hadi Mkwawa alipojiua mwaka 1898, ilikuwa ya vijiji kuchomwa, chakula kuharibiwa na watu kutawanyika, na hayo hugusiwa kwa sentensi moja tu, kisha msimulizi hurukia fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani na kurejeshwa Kalenga mwaka 1954. Mtoto asiyesimuliwa huzuni hiyo huirithi vilevile, kupitia tahadhari na ukimya wa wakubwa, lakini bila maneno ya kuitaja.

Nawaomba walimu wa historia wawaalike wazee darasani wasimulie sehemu hiyo pia, na pale watoto wanapokielewa Kihehe, wazee waachwe wasimulie kwa lugha hiyo, kwa kuwa ndiyo waliyopokelea simulizi hizo.

Msomaji wako,
Iringa